Injini Tatu na Nusu Saa

Jumatano, 10 Oktoba 1979

Sister Muthoki wa dispensari ndiye aliyenipa daftari hili. Anasema kama siwezi kuongea na watu basi niandike, hata ikiwa ni habari ya mvua. Mvua haijanyesha. Nimeandika.

Mimi ni Muthama, dereva wa gari la kanisa hapa Kilungu. Gari lenyewe ni Kombi ya mwaka wa 1963, ile iliyotengenezwa iwe nyumba. Ina kitanda nyuma, juu ya injini, ina sinki la kunawia, mapazia ya manjano, na kabati ambalo mlango wake haujawahi kufunga. Wamishonari wawili wazee waliishi ndani yake miaka sita wakizunguka Ukambani, na siku ya kurudi kwao wakaliachia kanisa. Tangu hapo linabeba wagonjwa.

Mke wangu Ndinda alifariki tarehe 23 Agosti pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Nilimpeleka Machakos mimi mwenyewe. Daktari alitoka, akavua glavu, akasema, "Pole sana. Mngefika nusu saa mapema." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo habari yote.

Alhamisi, 11 Oktoba

Vumbi. Hakuna safari.

Jumamosi, 13 Oktoba

Mzee Mulei alikuja. Ni baba yake Ndinda, na ndiye mzee wa kanisa mkubwa kuliko wote hapa. Alifundisha shule miaka thelathini, kwa hiyo akikuambia neno unahisi kama utaulizwa kesho. Nilimpa kiti, nami nikabaki nimesimama. Kwetu mkwe hakai akazungumza na baba mkwe kama rafiki. Hamkatizi maneno wala hamwangalii usoni kwa muda mrefu.

"Muthama," akasema, "hiyo injini ndiyo iliua mtoto wangu."

Nikammiminia chai.

"Hiyo 1200 inavuta kama inaomba ruhusa. Lori zinatupita. Hata basi ya Makueni inatupita na imebeba mbuzi. Tunataka injini ingine. Daktari alisema nusu saa. Sisi tutatafuta hiyo nusu saa, tutaipata."

Aliniagiza nipime kwanza mwendo wa injini iliyopo, ili tujue tunaanzia wapi. Nilisema ndiyo, Mzee. Chai yake ilibaki kwenye kikombe.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimepima. Kutoka dispensari hadi lango la hospitali Machakos ni kilomita sabini. Ishirini na mbili za kwanza ni mawe na kona za kuteremka mlima hadi Salama. Zilizobaki arobaini na nane ni lami.

Kipimo kisicho na mzigo ni uongo, kwa hiyo niliweka gunia la mchanga kitandani. Nilijua uzito. Sister Muthoki alikuwa amempima Ndinda wiki ile ile, kilo sitini na nane. Nilipima mchanga kwenye mizani ya dukani kwa Nzioka hadi ukafika hapo hapo. Nzioka akauliza kama najenga.

Injini ya 1200: kwenye mawe dakika 55, kwenye lami 44. Jumla 99. Mshale wa spidi ni wa maili. Mahali tambarare ulifika 53, yaani kama kilomita 85 kwa saa, na hapo usukani ulitetemeka mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye mlima wa Salama nilirudi gia ya pili, na mama mmoja mwenye punda alinipungia mkono kwa huruma.

Nilishusha gunia jioni, nikaliweka nyumbani kando ya kitanda. Sikuwa na mahali pengine pa kuliweka.

Jumanne, 16 Oktoba

Mawingu tu.

Jumatatu, 22 Oktoba

Sultan Hamud, gereji ya Gicheru. Huyu ni Mkikuyu wa Murang'a aliyekuja kutengeneza matrekta akasahau kurudi. Ana injini za Kombi na za yale magari madogo ya Kobe zimepangwa ukutani, nyingi zimetoka kwa magari yaliyopata ajali, na kila moja anajua iligongea wapi. Alizunguka gari letu mara mbili akipiga bati kwa kidole.

"Hii gari ni mzee, bwana. Lakini ni gari ya heshima. Naweza kukupatia 1500. Hiyo ilikuwa ya Mhindi wa Nairobi, alikuwa anaendea kanisani tu, hajui hata gia ya nne."

"Wahindi wengi hawaendi kanisani," nikasema.

"Basi alikuwa anaendea sokoni. Injini ni ile ile."

Ni maneno mengi zaidi niliyomwambia mtu tangu Agosti. Mzee Mulei ametoa fahali wake mmoja kwa ajili ya injini hiyo.

Alhamisi, 25 Oktoba

Gicheru ameshusha 1200 na kupandisha 1500 kwa saa moja na nusu. Injini yenyewe inashikwa na bolti nne tu, na alinionyesha zote nne kwenye kiganja chake kwa fahari. Nilishangaa kuona ni kitu kidogo namna ile. Kilikuwa chini ya mgongo wa Ndinda safari nzima.

Ijumaa, 26 Oktoba

1500, na gunia. Mawe 53. Lami 38. Jumla 91. Mshale ulifika maili 59, sawa na kilomita 95 hivi. Tumepata dakika nane.

Jumapili, 28 Oktoba

Mzee Mulei alisimama kanisani akatangaza dakika nane. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango. Watu waligeuka kuniangalia, na nikatikisa kichwa kama mtu anayekubali.

Jumatano, 31 Oktoba

Imenyesha. Saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Watu walitoka na majembe siku hiyo hiyo. Mimi sina la kupanda, shamba alikuwa analima yeye.

Jumamosi, 3 Novemba

Mzee Ndululu ameteleza kwenye tuta la shamba akavunjika mguu. Nilileta gari, tukampandisha. Desturi ya hapa ni kwamba gari haliondoki kabla ya kuombewa, na kila aliyepo lazima aliguse kwa mkono. Ilianza siku wamishonari walipolikabidhi, watu walipolizunguka wote wakaweka mikono kwenye bati. Tuliimba, tukaomba, watu wa chini wakapanda mbio nao waliguse, Mzee Mulei akafunga kwa sala, tukaondoka. Njiani Ndululu alitukana mawe yote ya zile kilomita ishirini na mbili.

Jumatatu, 5 Novemba

Mvua. Ukungu mpaka saa nne.

Jumatano, 7 Novemba

Fahali wa pili ameenda. Mzee Mulei hakuridhika na dakika nane. Gicheru amepandisha 1600.

"Hii ndiyo mwisho, dereva," akaniambia. "Ina nguvu, lakini hii gari gia zake ni fupi, za zamani. Ukiikimbiza itakuwa inapiga kelele kama imechomwa. Hiyo kelele si spidi. Usidanganyike."

Ijumaa, 9 Novemba

1600, na gunia. Mawe 53. Lami 34. Jumla 87.

Mshale ulifika maili 65. Kilomita 105 kwa saa. Mlango wa kabati uligonga njia nzima na pazia moja likatoka dirishani. Niliwapita watu walionizoea, wakageuka. Singesema nilifurahi. Nilitazama mshale.

Mzee Mulei alikuwa ananingoja langoni pa dispensari, kofia mkononi.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili, Mzee. Tumepata kumi na mbili."

Akahesabu midomo ikicheza. "Bado kumi na nane," akasema, akaenda.

Jumamosi, 10 Novemba

Kwenye mawe injini ya 1500 na ya 1600 ni sawa kabisa. Hata ungeweka injini ya ndege, zile kona ni zile zile. Nimefanya hesabu. Ili nusu saa ipatikane, kwenye lami gari lingepaswa kwenda kilomita mia na themanini kwa saa. Kombi, yenye sinki.

Sijamwambia.

Jumatatu, 12 Novemba

Maharagwe ya jirani yameota. Hakuna safari.

Jumatano, 14 Novemba

Leo nimefungua ukurasa wa Agosti.

Kuna kitabu cha gari, kingine mbali na hiki. Mmoja wa wale wamishonari wazee ndiye aliyenifundisha kukiandika. Injini hii hupozwa na hewa, ikikaa ikinguruma bila gari kutembea inapata joto, kwa hiyo kila safari unaandika saa ya kuwasha, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Naandika bila kufikiri. Niliandika hata siku ile, sikumbuki mkono ukiandika. Leo nilitaka kulinganisha mwendo wa 1200 siku ile na kipimo changu cha Oktoba, nione kama niliendesha vibaya. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Kwamba labda mimi ndiye niliyechelewa njiani.

Sikuchelewa njiani. Kuondoka saa tano na dakika arobaini na tatu, kufika saa saba na dakika ishirini na mbili. Dakika tisini na tisa, sawasawa na kipimo.

Kuwasha, saa tano na dakika tano.

Nilisoma tena. Kuwasha saa tano na dakika tano. Kuondoka saa tano na dakika arobaini na tatu. Katikati hapo ni dakika thelathini na nane.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya mkutano wa kina mama, karibu kanisa zima lilikuwepo. Betri ilikuwa mbovu, ningeizima injini tungeanza kusukuma, kwa hiyo niliiacha ikinguruma. Wakalizunguka gari. Waliimba wimbo mmoja, kisha mwingine, kwa sababu Ndinda alikuwa mwimbaji wao. Waliokuwa mashambani wakaitwa waje waguse. Aliomba mama mmoja, akaomba mwingine, akaomba Muli mweka hazina. Kisha Mzee Mulei akafunga. Baba mtu alikuwa anafunga. Alimwombea Ndinda, akamwombea mtoto, akawaombea madaktari na mikono yao, akaomba barabara, akarudi kwa Ndinda tangu alipokuwa mdogo, akataja siku alipobatizwa. Kila tulipodhani amefika amina alipata lingine.

Na Ndinda aliniita kutoka nyuma ya pazia. Nilikuwa nimelisahau hili, au nilikuwa nimeliweka mahali. Alisema, "Muthama, kitanda kinachoma." Polepole, asiwasumbue wanaoomba. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, wanamaliza."

Mguu wangu ulikuwa kwenye klachi. Nilikuwa nimefumba macho kama watu wote.

Alhamisi, 15 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 16 Novemba

Mvua.

Jumapili, 18 Novemba

Mzee Mulei aliomba kanisani. Nilimwangalia mdomo. Nilimchukia toka mwanzo wa sala mpaka mwisho, kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi. Alipomaliza nilisema amina.

Jumanne, 20 Novemba

Nilifikiria kuuchana ule ukurasa. Nilifikiria pia kuupeleka kwake na kuuweka mezani pake. Yote mawili nilifikiria nikiwa naosha gari. Sikufanya lolote. Gari liko safi.

Alhamisi, 22 Novemba

Mzee alikuja na habari kwamba Gicheru amepata injini ya 2000, ya Kombi mpya iliyoanguka Emali. Fahali hana tena. Atauza shamba lake la chini, lile la michungwa, kwa mfanyabiashara mmoja wa Salama anayelitaka siku nyingi. Michungwa ile alipanda na mkewe marehemu, na ndiyo inayomlisha tangu astaafu.

"Mzee," nikasema, na hapo nilikuwa nimeshavuka mpaka, "hiyo injini haiingii. Itabidi bati likatwe. Na hata ikiingia, ni dakika nne zaidi. Labda tano."

"Na ingine baadaye tano. Tutafika."

"Hatutafika."

Aliniangalia. Sijawahi kumjibu hivyo. Sauti yake haikupanda. "Wewe umechoka, mwana wangu. Nimeona umechoka. Lakini mimi siwezi kukaa hivi. Daktari alisema nusu saa, basi kuna mahali hiyo nusu saa iko. Jumatatu tutaenda kuona hiyo injini."

Nilitaka kumwambia iko wapi. Ilikuwa mdomoni. Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Jumapili, 25 Novemba

Sijui mtu anamwambiaje baba mkwe wake jambo kama hilo. Hakuna maneno yake. Nikinyamaza, atauza michungwa, halafu atauza nyumba, na hataipata. Nikisema, atabaki na michungwa na lile neno.

Jumatatu, 26 Novemba

Tuliondoka saa mbili. Alikaa mbele kando yangu, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu na mkwe wake, kwa hiyo wote wawili tuliangalia barabara. Kitabu cha gari kilikuwa kwenye kiti chake. Huwa nakiweka chini ya dashibodi. Leo asubuhi kilikuwa kwenye kiti. Sijui kama nilikisahau pale au nilikiacha, na nimejiuliza siku nzima.

Alikichukua asikikalie. Baada ya kona ya tatu alivaa miwani akakifungua, maana mwalimu hawezi kushika daftari bila kusahihisha. Alisema mwandiko wangu ni mzuri. Alisoma safari ya Ndululu, akasoma vipimo vya Oktoba, akawa anarudi nyuma akilowesha kidole. Nilijua kurasa zimebaki ngapi. Niliendesha. Kushoto kulikuwa na genge la mlima, nikaangalia genge.

Akaacha kufungua.

Nilisikia injini na mlango wa kabati. Alikaa na ukurasa huo mpaka tukafika Salama. Kwenye lami nikaonyesha taa ya kugeuka upande wa Sultan Hamud, na yeye akafunga kitabu, akavua miwani, akasema, "Turudi nyumbani."

Nikageuza gari. Kwenye kupanda mlima nilimwangalia mara moja. Alikuwa ameshika kitabu kwa mikono miwili juu ya magoti, na mikono ilikuwa ya mtu mzee sana. Nilitafuta ile chuki ya Jumapili nikaikosa. Sikupata kitu kingine mahali pake.

Jumanne, 27 Novemba

Mvua. Mzee hajatoka.

Alhamisi, 29 Novemba

Mfanyabiashara wa Salama alipanda kuulizia shamba. Aliambiwa haliuzwi.

Jumapili, 2 Desemba

Hakuja kanisani. Sala ya kufunga aliiomba Muli. Watu wanasema ni malaria. Nilipeleka majani ya chai na sukari nikaviacha mlangoni. Niliogopa kubisha.

Jumanne, 4 Desemba

Ukungu. Lango la dispensari limekuwa matope matupu. Nilipotoka magurudumu yalizunguka bure dakika nzima.

Alhamisi, 6 Desemba

Naandika haya saa moja ya jioni, nguo zikiwa bado zimelowa.

Baada ya chakula cha mchana Sister Muthoki alinitumia mtu. Mbula, mke wa Kiema fundi wa viatu, yuko na uchungu tangu jana na mtoto amelala vibaya. Ni Machakos, na ni sasa. Ilikuwa tena Alhamisi, kina mama wamejaa kanisani. Mvua ilikuwa inanyesha ya kutosha.

Nilileta gari, tukamlaza. Saa nane na dakika kumi nikawasha, nikaandika. Kina mama wakatoka na miavuli, wengine magunia kichwani, wakalizunguka gari wakaweka mikono. Mmoja akaanzisha wimbo. Wengine wakaita kuelekea mashambani, watu waje waguse. Nilikuwa nyuma ya usukani. Nikajiambia nitahesabu mpaka tano kisha niachie klachi, mkono wa mtu uwe kwenye bati au usiwe. Nilifika tano. Sikuachia. Nikaanza tena moja. Nimeandika hilo kwa sababu ndiyo kweli.

Hapo nikamwona Mzee Mulei akija kutoka kwake, bila kofia, bila mwavuli, anatembea katikati ya matope akiwa ameshika suruali. Watu wakampisha. Aliinua mkono, wimbo ukakatika katikati ya mstari. Akaweka kiganja kwenye dirisha alipolala Mbula. Wote wakafumba macho.

Mimi sikufumba. Yeye pia hakufumba. Alikuwa ananiangalia mimi kupitia kioo.

"Mungu, huyu unamjua," akasema. "Amina."

Hakuna aliyejibu. Walidhani anavuta pumzi.

"Toeni mikono."

"Mzee," mama mmoja akasema, "hata mtoto bado hatujamwombea."

"Toeni mikono! Tutamwombea akiwa njiani." Akapiga bati mara mbili. "Muthama, enda! Enda!"

Akakimbia kufungua lango, mzee wa miaka sabini na miwili. Magurudumu yalizunguka kwenye matope, nikamwona kwenye kioo anasukuma kwa bega pamoja na kina mama, halafu yakashika.

Mawe 58, kwa ajili ya utelezi. Lami 34. Injini ilipiga kelele yote ambayo Gicheru aliisema. Sister Muthoki alikuwa nyuma akimwambia Mbula apumue, na mimi nilimsikia Mbula kila alipolia, nikashukuru kwamba analia kwa nguvu. Wauguzi waliingia naye moja kwa moja kwa upasuaji. Nilikaa kwenye benchi lile lile la Agosti.

Daktari alikuwa mwingine. Alitoka akavua glavu. Nilisimama. Nilikuwa nangojea aniambie kuhusu saa.

"Mvulana," akasema. "Mama pia ni mzima. Hapa karibu mtu anapata chai wapi?"

Nikamwonyesha hoteli ya ng'ambo ya barabara. Sikujua kama nimesikia vizuri mpaka Sister Muthoki alipokuja akanishika mkono.

Sister alibaki na Mbula. Nilirudi peke yangu, nikafika saa kumi na mbili, mwanga ukiwa bado upo. Mvua haikuwa imekatika. Langoni kulikuwa na mtu amesimama pale pale penye alama za magurudumu. Kumbe kina mama walibaki wakiomba pale baada ya gari kuondoka, wakaondoka mmoja mmoja kwenda kupika, na yeye hakuondoka. Alikuwa amelowa mpaka shati limegandia mbavu.

Nilizima injini nikashuka.

"Wako?" akauliza.

"Wako, Mzee. Wote wawili."

Alifumba macho kidogo. Kisha akanyoosha mkono. "Lete kitabu."

Nikamletea. Alijaribu kufuta miwani, lakini hakuwa na kitu chochote kikavu. Akanirudishia kitabu. "Nisomee."

"Kuwasha, saa nane na dakika kumi. Kuondoka, saa nane na dakika kumi na moja."

"Siku ile ilikuwa thelathini na nane."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Mwezi jana, katikati."

"Na ukanyamaza."

"Wewe ni baba yake."

Akatia miwani mfukoni. Maji yalimtoka kwenye nyusi. "Nilikuwa naogopa, Muthama," akasema. "Nilijua nikisema amina, anaenda. Basi nikawa sisemi amina."

Miezi mitatu na nusu sijalia. Hata kaburini sikulia, na watu walisema. Nilisema, "Mzee, mguu ulikuwa wangu. Aliniambia kitanda kinachoma, nikamwambia angoje." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilipomaliza kusema nilikuwa nalia kwa sauti, katikati ya lango, na baba mkwe wangu amenishika mkono wa shati, jambo ambalo halifanywi, na yeye analia pia. Tulikaa hivyo. Sijui dakika ngapi.

Ijumaa, 7 Desemba

Mvua imepumzika. Asubuhi nilitoa gunia la mchanga kando ya kitanda, nikalibeba begani mpaka dispensari. Mzee Mulei alikuwa ameshafika na jembe. Aliniuliza huo mchanga ulikuwa wa nini. Nikamwambia. Aliuangalia, akainama akaweka kiganja juu ya gunia, akakitoa.

Tulifungua tukaumwaga langoni, penye matope, kilo zote sitini na nane. Yeye akausambaza kwa jembe, taratibu, mpaka kando zote mbili. Kisha akasema nijaribu.

Nikawasha. Gari likatoka mara moja, halikuteleza.